Mwalimu Bathsheba na Kitabu cha Njugu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mwalimu Bathsheba Gesare, aliyezikwa Alhamisi huko Manga akiwa na miaka hamsini na mmoja. Wengine mlimjua kama mwalimu wa hesabu. Wengine mlimjua kama yule mama wa njugu. Ni yeye yule mmoja.

Mwaka wa 1964 Mwalimu Bathsheba alikuwa akifundisha karibu na Nyaramba. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hajaolewa, wala hakuwa na haraka. Siku moja alinunua njugu dukani kwa Cleophas. Kwenye karatasi iliyofungia njugu akaona mikono miwili imechorwa, na maelezo ya Kiingereza: namna ya kuzidisha saba kwa nane kwa vidole. Saba imepita tano kwa mbili, simamisha viwili mkono wa kushoto. Nane imepita tano kwa tatu, simamisha vitatu mkono wa kulia. Vilivyosimama ni vitano, hiyo ni hamsini. Vilivyokunjwa ni vitatu huku, viwili kule. Zidisha, upate sita. Hamsini na sita. Mwalimu alijaribu palepale barabarani, njugu zikamwagika zote.

Akarudi dukani mbio. Karatasi ilitoka katika kitabu cha zaidi ya miaka mia mbili, kitabu cha njia za hesabu ambazo shule zilikwisha kuziacha. Cleophas alikipata katika sanduku la mmisionari aliyerudi kwao, na alikuwa akikichana kila siku kufungia njugu. Mwalimu akaomba auziwe.

"Kitabu siuzi, Mwalimu," Cleophas akamwambia. "Mimi nauza njugu."

Basi akanunua njugu. Miezi mitano, wasikilizaji wapendwa, asubuhi na jioni. Njugu zenyewe zilimuumiza meno, kwa hiyo zililiwa na darasa la tatu, na wazazi wakashangaa watoto wao wananenepa wakati wa njaa ya Mei. Kurasa, pamoja na zile alizoziomba kwa wateja wengine, alizishona kwa uzi wa gunia. Mwishowe ilikosekana karatasi moja tu, ile ya kugawanya bila kugawanya. Cleophas alikumbuka mteja aliyeondoka nayo: Obwocha wa Manga, karani mstaafu wa korti, aliyefiwa na mkewe.

Jumapili iliyofuata, Sabato ya Jumamosi ikiwa imepita, Mwalimu alitembea muda wa saa nne kupanda kilima hadi Manga. Nyanchera, bintiye Obwocha, anasimulia: "Alibisha hodi, akapita moja kwa moja hadi ukutani. Hata salamu alisahau."

Karatasi ilikuwa pale, imebandikwa kwa uji pamoja na magazeti, kuzuia upepo. Mwalimu akasoma mpaka chini. Sentensi ikakatikia katikati. Mwisho wake ulikuwa upande wa pili, na upande wa pili ulikuwa umegandamana na udongo. Alipojaribu kuibandua, pembe ikachanika. Akaacha.

Obwocha akamwambia hana neno, anaweza kuja kujaribu tena wakati wowote. Mwalimu akaja tena. Alikuja na maji ya moto, akaja na mvuke wa sufuria, akaja na wembe. Karatasi haikutoka. Chai ilinywewa. Mwaka wa 1967 wakafunga ndoa kanisani, na bibi harusi akahamia kwenye ukuta wake.

Mwaka wa 1974 walijenga nyumba ya mabati. Ile ya zamani ilipobomolewa, mvua ikanyesha juu ya vifusi, na karatasi ikajibandua yenyewe. Mwalimu akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na mstari mmoja tu: msomaji sasa amejionea kwamba njia ya kawaida ni fupi zaidi.

Nyanchera anasema mama alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Kisha akamuuliza mumewe kama amewahi kuona kichekesho kama hicho.

"Nilikiona," mzee akajibu. "Niliisoma pande zote mbili kabla sijaibandika."

Mwalimu akamuuliza kwa nini, miaka yote hiyo, hakusema.

"Ningesema, Mwalimu, ungerudi?"

Mzee Obwocha, Nyanchera, na jamaa wote wa Manga na Nyaramba, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe msikilizaji mpendwa, fikiria leo: yupo mtu anayepanda kilima kuja kwako kwa kisingizio kisicho na maana yoyote. Umemwekea chai?