Msinizike Katika Kiwanja cha Kabuyange

Leo, Jumatano, tarehe 23 Aprili 2025, mimi, Adrian Ladislaus Rwekiza, karani mstaafu wa Halmashauri ya Mji wa Kabuyange, nikiwa na akili timamu ingawa pumzi imepungua, nasema haya kwa kinywa changu nyumbani kwa binti yangu Yustina, hapa mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, nchini China, mbele yake na mbele ya mdogo wake Shedrack. Sikilizeni, wanangu, wala asiniinue mtu mpaka nimalize.

Kazi yangu mnaijua, ingawa Yustina huicheka na kusema, "Baba, hata uji ungeuandikia maombi kwanza." Niliiandikia miji maombi ya fedha kwa serikali kuu. Halmashauri za jirani zilinitumia gari, nami nikawafundisha kwamba serikali kuu haisukumwi kwa machozi. Inataka kujua wagonjwa wanatembea umbali gani, na zaidi ya yote, ardhi ni ya nani. Mji mmoja ukapata stendi, mwingine soko, mwingine mitaro ya mvua. Nikapita nikiyatazama mabati yao mapya, kisha nikarudi Kabuyange, ambako wajawazito hadi leo wanavushwa mto kwa pikipiki.

Mwezi Machi 2009 tulikubaliwa kujengewa kituo cha afya, mradi wakaguzi waridhike na kiwanja. Kiwanja chenyewe kilikuwa kibanja, shamba la nyumbani la marehemu babu yenu, ambacho mimi na kaka yangu Benjamin, baba yenu mkubwa, tulikubaliana kuupa mji. Benjamin alipougua akageuka, akasema nauza jina la baba kwa wageni wa Dodoma. Nilimwonyesha ahadi yetu, akanicheka akiwa kitandani: "Karani, wewe una mhuri, mimi nina mwili." Sikumwelewa. Mnajua desturi yetu: mzee akishalazwa katika kibanja, kibanja kimefungwa, hakuna wa kukihoji. Aliagiza azikwe mle, pembeni mwa barabara, na tarehe 13 Mei wakaguzi walitukuta na majembe mkononi. Hawakushuka hata kupima. Fedha zilikwenda mji mwingine, na maombi ya mji huo pia niliyaandika mimi.

Sasa serikali imefungua tena mlango. Sehemu ya juu ya kile kibanja inatosha, na wakaguzi watafika tarehe 16 Juni, mradi ninyi wawili, mlio warithi pamoja nami, mkubali kwa maandishi. Kwa hiyo nilipanda ndege na moyo huu mbovu. Yustina alikuwa Pazhou kwenye maonyesho ya biashara tangu asubuhi, lakini aliporudi alikubali akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Wewe, Shedrack, ulikuwa bandarini Nansha ukisubiri kontena, na kila nilipokuuliza ulinijibu kama wenye maduka wa jengo la Tianxiu wanavyomjibu mteja asiye na bahati: "Meiyou, Mzee, meiyou." Hakuna, hakuna. Siku ya kwanza nilicheka.

Unataka ghala la nguo pale kibanjani. Ungeniambia, tungegombana kama baba na mwana, yakaisha. Lakini jana, ukidhani nimelala, ulimwambia shangazi yako Albina kwenye simu: "Shangazi, Mzee akirudi kwenye sanduku, mchimbieni kule juu penye mwinuko. Tukishamweka pale, nani atatugusa?"

Nilidhani Benjamin amekufa.

Basi agizo langu ni hili. Msinizike katika kile kiwanja. Mwili wangu msiusafirishe kabisa. Hapa maiti huchomwa. Kwetu ni aibu, nami naipokea aibu hiyo. Nichomeni, majivu Yustina ayapeleke makaburi ya parokia kwetu Kabuyange, na padre aseme sala fupi. Sitaki kuacha mwili ambao mtu ataugeuza kuwa uzio.

Nyumba ya Kabuyange ni ya Yustina. Meza yangu na vitabu vipewe shule ya msingi. Wewe, Shedrack, nimekuachia sehemu yako katika kibanja, kwa kuwa sheria inakupa, na kwa kuwa siwezi kukulazimisha. Sidhani utakubali. Nimewaandikia watu nisiowajua hadi wakatoa mabilioni, na mwanangu wa kumzaa nimeshindwa kumwombea neno moja. Hilo ndilo ninaloondoka nalo.

Yustina, nishike mkono... hapana, huu mwingine, huu hausikii tena.

Mungu awalinde safarini. Awape watoto watakaowazika kwa upendo tu. Msikose misa ya Jumapili. Msitupiane maneno juu ya... juu ya mwili wangu.

Bado. Moja bado. Shedrack, Jumapili, nje ya kanisa, ulimwambia Clément, yule rafiki yako Mkongomani, kwamba serikali iliitupa Kabuyange, naye akaitikia, "Hata kwetu ni vile vile, papa." Pumzi haikutosha kukusahihisha. Mwambie umekosea. Haikututupa. Ilikubali, ikapanga fedha, ikatuma gari, gari likasimama pale barabarani. Ukisimulia tena, simulia hivi: serikali ilikuja, ikatukuta tunazika.