Wazibaji Mitaro wa Clonavarra Wanaomba Wamalize Kazi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nuala Hanrahan, Naibu Waziri wa Mazingira, baba paroko, na majirani wote mlioiacha mechi ya hurling, mchezo wetu wa magongo, kwenye televisheni Jumapili hii mkaja ukumbini: hamjambo.

Naitwa Malachy Geraghty. Wenzangu wamenichagua nisome kwa sababu nina sauti, si kwa sababu nina akili. Wamesema wenyewe.

UKARIBISHO

Sisi wazibaji mitaro wa kinamasi cha Clonavarra tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunakuomba radhi kwa viatu vyako. Mabuti tulikuwekea mlangoni, msaidizi wako akasema hayatahitajika, na sasa umejionea. Chai ipo, mkate wa soda upo, na siagi usiionee huruma.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, baba zetu walichimba mboji hapa, huu udongo mweusi wa kinamasi ambao ukikauka unawaka kama kuni, nasi tukawafuata. Mboji hiyo iliwasha jiko la kila nyumba unayoiona, na mtambo wa umeme ng'ambo ya mto. Ili ichimbike lazima ikauke, kwa hiyo maisha yetu yote yalikuwa ni kupigana na maji. Tulichimba mitaro kila upande. Kazi hiyo tuliifanya vizuri na hatuionei aibu, maana ilitulisha na kutusomeshea watoto.

Kisha mtambo ukafungwa. Tukaambiwa kwamba mboji ikikauka inatoa hewa chafu inayoipasha dunia joto, ikilowa inaifungia chini. Tukapewa mafunzo, tukarudi palepale, na makatapila yaleyale, kuziba mitaro tuliyoichimba wenyewe. Baadhi yetu tuliapa hatuendi. Tulikwenda.

TULIYOYAFANYA

Hatukuanza vizuri, na Fergal Dooley ametupa ruhusa tuseme. Wiki ya kwanza aliwahi kazini kuliko wote, akakuta maji yamejaa nyuma ya kizuizi tulichojenga jana yake. Mikono haikumuuliza. Akashika koleo, akabomoa, akayatoa maji yote, kisha akatungoja na chupa yake ya chai, kifua mbele.

"Nimewaokoa, jamani. Kulikuwa kumefurika."

Aoibhinn, mtaalamu wetu wa mimea, akamwangalia weee. "Fergal, kufurika ndiyo kazi yenyewe."

"Si mngenipigia simu?"

"Nikupigie nikuambie usichimbe?"

"Ndiyo. Hilo sijawahi kuambiwa tangu nizaliwe."

Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Leo Fergal huyohuyo ndiye mlinzi wa maji, na mkewe anasema hata sinki la jikoni anasita kulitoa kizibo.

Upande wa mashariki wa barabara inayokata kinamasi umekamilika. Yale majani laini mekundu yanayotengeneza mboji yameanza kutambaa tena. Korongo wawili wametotoa vifaranga, na wapi hatusemi. Na Dervla Kinnarney, dereva wetu wa katapila, kila Jumatano anapanda treni kwenda Dublin, anakaa na wataalamu wa wizara yako wanaoandika kanuni za vinamasi vya nchi nzima. Siku ya kwanza nusura ashuke njiani. Sasa kuna kifungu kizima alichokiandika yeye, cha namna ya kuziba mtaro usivuje. Tulikisoma kwa sauti baa, tukapiga makofi, akatununia wiki nzima.

CHANGAMOTO

Mvua tumeizoea. Visubi wanatuuma, nao tumewazoea. Tatizo ni kwamba mkataba wetu unakwisha mwishoni mwa Oktoba, na upande wa magharibi haujaguswa. Mitaro ya kule iko wazi, na inayavuta maji ya huku kwa chini ya barabara. Tukiacha hivi, yaje majira mawili ya kiangazi makavu, huu upande wa mashariki unaopendeza utarudi kuwa vumbi. Na kiti cha Dervla kule Dublin kinategemea mkataba huohuo.

MAOMBI

Tunaomba mkataba uongezwe mpaka magharibi ikamilike. Ombi letu liko ofisini kwako tangu Pasaka. Tunajua una mengi.

Risala iliyopitishwa na wenzangu inaishia hapo. Lakini kuna jambo Dervla alitukataza tusilitaje, nami nalitaja. Amepata kazi migodini Canada, mshahara mara mbili ya huu. Kaka zake walikwenda hivyohivyo, na mama yake, yule aliyekaa karibu na birika, amebakiwa na huyu tu. Wenye migodi wanataka jibu Ijumaa.

Namsikia hapo nyuma yangu: "Malachy, kaa chini."

Sikai, Dervla. Juzi si uliniambia mwenyewe, ukifuta tope kwenye miwani? "Mimi sitaki kwenda. Nataka tu mtu mwenye uwezo aniambie nibaki."

Mheshimiwa, sisi tunamwambia kila siku, lakini mkataba hatuwezi kuuongeza. Wewe unaweza. Tunampenda, na tunaogopa Ijumaa.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani salama, na awabariki wote unaowatumikia. Kabla hujaingia garini, mwenye koti la kijani ndiye Dervla. Mwambie.

Ni sisi,
Wazibaji Mitaro wa Kinamasi cha Clonavarra