Mbuzi wa Sherehe ya Mwalimu Kipriani

Mwalimu Kipriani Ntahena aliajiriwa tarehe 1 Julai 1989, na alikuwa astaafu leo, Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, siku ya kutimiza miaka sitini. Ni miaka thelathini na sita ya chaki. Zilibaki wiki mbili tu. Jumatano ya tarehe 30 Julai alijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, na hakuamka tena. Tulidhani sherehe imekufa naye, lakini mke wake, Mama Ange, alituambia mume wake hakuwahi kuahirisha mechi hata siku ya mvua ya mawe. Kwa hiyo leo tunacheza.

Miaka saba ya mwanzo alifundisha Kasulu. Mwaka 1996 akahamia kwetu, Shule ya Msingi Kirinzi, hapa Kitahana. Alifika kwa baiskeli, mbele kafunga sanduku la vitabu, nyuma kapu lenye kuku aliyekuwa analalia mayai. Kabla ya kuuliza nyumba ya mwalimu iko wapi, aliomba kona ya stoo kwa siku tisa. Vifaranga walitoka kumi. Darasa la kwanza la mwaka ule walijifunza kuhesabu kwa vifaranga hao, na mwewe alipochukua wawili, wakajifunza kutoa.

Alifundisha Hisabati na Sayansi, akiwa na sweta la kijani lililotoboka kiwiko cha kulia na vipande vya chaki mfukoni ambavyo havikuisha. Asubuhi aliwasalimia kwanza ng'ombe wa jirani waliopita uwanjani, "Mwakeye, mwakeye," ndipo akaja ofisini kutusalimia sisi. Mwalimu mkuu wetu, Madam Firdausi, alimuuliza siku moja kwa nini ng'ombe wanatangulia.

"Madam," alijibu, "wao wamewahi."

Kama kocha wa timu za mpira za shule, alikuwa na mbinu ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Magolikipa wake hawakuanza na mpira, walianza na kuku. Ukishindwa kumkamata jogoo wake mwekundu ndani ya boksi la penalti, huvai glavu. Alisema jogoo hakuambii anakwenda upande gani, na mpigaji wa penalti naye ni hivyo hivyo. Tulicheka sana, mpaka binti yake Ange aliposimama golini Kasulu, kwenye fainali ya wasichana, akadaka penalti tatu na kutuletea kombe ambalo liko kwenye kabati la ofisi mpaka leo. Kocha wa wenzetu alikuja kuomba siri. Mwalimu Kipriani akamuuzia jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa mzee na kilema, lakini hilo halikuulizwa.

Sasa kuna jambo moja ambalo wageni wa leo lazima walijue, la sivyo hawataelewa sahani zao. Mnyama akishapewa jina na Mwalimu Kipriani, hapa Kirinzi haliwi. Sheria hii haikuandikwa popote. Ilianza siku tuliyopokea wageni kutoka wilayani na mpishi akanunua kuku nyumbani kwake bila yeye kujua. Sahani zilipofika, Mwalimu aliitazama ya kwake, akaanza kusimulia kwa upole. "Huyu ni Fundi Saa. Alikuwa anawika saa kumi na moja kamili. Alikuwa anamwogopa sana mke wake." Mgeni wa kwanza aliweka kijiko chini. Wa pili akafuata. Siku ile wilaya nzima ilikula ugali na mchicha, na tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Ndiyo maana kamati ya sherehe hii ilipata taabu. Mwenyekiti wake ni Mwalimu Mudathiri, ambaye ndiye anayechinja katika shughuli zote za shule ili Waislamu na Wakristo wale chungu kimoja. Tarehe 14 Julai alipata mbuzi mnene mnadani, beberu mweusi mwenye miguu myeupe, akamfunga nyuma ya ofisi. Kufika saa nne, mbuzi alikuwa amemaliza maua yote ya Madam Firdausi. Sherehe ilikuwa bado mwezi mzima. Mudathiri akafikiri ni nani hapa shuleni anajua kutunza mbuzi, akapata jibu, akampeleka. Alirudi ofisini anapangusa mikono.

"Umempeleka wapi?" Madam aliuliza.

"Kwa Kipriani. Nimemwambia ni wa mgeni. Wala hakuuliza."

Madam akasema, "Mudathiri, ndugu yangu, mbuzi wa kuchinjwa umemlaza kwa wakili wake?"

Kadi zilikuwa zimeshatoka. Pilau ya nyama ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba, na Mudathiri alikuwa amemwahidi kila mtu mnofu wake kwa jina. Kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa kumfuata Mwalimu Kipriani kila mapumziko.

"Kaka, hujampa jina?"

"Nani?"

"Yule mbuzi."

"Si ulisema ni wa mgeni? Mgeni wake ndiye atampa."

"Niapie."

"Shehe, mimi na wewe tuapizane kwa ajili ya mbuzi?" Akaondoka huku anapiga mluzi. Kila tuliyemuuliza, hata watoto wa timu, alisema hajasikia Mwalimu akimwita mbuzi huyo kwa jina lolote. Mudathiri akaanza kulala vizuri.

Kisha ikaja Jumatano ile. Msibani tulikula maharage na ndizi za majirani, na mbuzi hakuguswa, kwa kuwa alikuwa mali ya sherehe. Wiki iliyopita, baada ya Mama Ange kusema tuendelee, Mudathiri alichukua kamba akaenda kumfuata, nasi watatu nyuma yake. Hakuwa na furaha. Njiani alisema angependa Kipriani amshinde kuliko kumchinja mbuzi huyu akiwa hayupo wa kubishana naye. Lakini jina hakuna, na ahadi ni ahadi.

Tulimkuta Mama Ange amekaa mlangoni anachambua maharage. Kabla hatujabisha hodi aliinua kichwa, akatazama upande wa shamba, akapaza sauti:

"Mudathiri! Wewe Mudathiri, toka kwenye shamba la watu!"

"Naam, mama!" mwenzetu akaitika, akaruka pembeni akidhani amekanyaga mche.

Aliyetoka shambani alikuwa mbuzi, majani ya maharage yananing'inia mdomoni. Alitutazama mmoja mmoja, akaenda kusimama kando ya Mama Ange.

Mama Ange alijifunika mdomo kwa kanga. Alipoweza kusema, alisema jina hilo lilitolewa siku ile ile mbuzi alipofika, na lilitumika nyumbani tu, kwa kunong'ona. Yeye alimwonya mume wake kwamba haifai kumwita mbuzi jina la mtu mzima. Mume wake akamjibu, "Mama Ange, kisu cha shule kiko kwa Mudathiri. Tuone kama atamchinja somo yake."

Mudathiri alicheka mpaka akakaa chini, juu ya kamba yake. Alikaa pale muda mrefu kuliko kicheko chenyewe, na tulipoona mabega yake tulimwacha. Aliposimama, alimfuta mbuzi matope ya mguuni kwa kiganja, akasema, "Haya, somo, twende nyumbani."

Kwa hiyo, wageni wetu wapendwa, kadi zenu zimesema pilau ya nyama, na mbele yenu mnaona wali na maharage. Msimlaumu mpishi. Malalamiko yote yapelekwe kwa mstaafu.

Mwalimu Kipriani, tunakushukuru kwa watoto uliowafundisha kuhesabu, kwa kombe, na kwa kutushinda mpaka mwisho. Mama Ange, Ange, sisi ni wenu. Yale maneno ya "maisha mema ya kustaafu" tuliyokuwa tumekuandalia kuyatamka leo, Mwalimu, hatukujua tuyapeleke wapi, tukampa beberu mweusi. Yuko kwa Mudathiri, anakula vizuri, na jana amemaliza maua ya huko pia.