Mzee Tepu Hakumuua Farasi Yule

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti mkubwa wa marehemu. Nimeambiwa nisome wasifu wake kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa tatu wa mchoma matofali. Alisoma miaka saba tu, lakini hesabu zake zilikuwa moto. Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye mabanda ya farasi. Alianza na koleo la kinyesi, akapanda hadi mtunzaji mkuu.

Huko ndiko alikojuana na minyoo. Dawa yao farasi hupewa mdomoni kwa bomba kama la sindano, moja kwa farasi mmoja, na kipimo hufuata uzito wake. Mzani hawakuwa nao, basi farasi alipimwa kifua, kilo zikapigiwa hesabu. Siku moja mwaka 1981 baba aliingia kwa fundi cherehani akasema, "Dada, niazime tepu, kuna jike nataka kumpima kifua."

"Toka hapa, huna adabu we!"

Alipojieleza, fundi alicheka mpaka akavunja sindano. Tepu moja haikutosha kumzunguka farasi, akamshonea mbili pamoja. Fundi huyo ndiye mama yetu. Walifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1983.

Sasa lile linalonikaba. Mwaka 2016 alikuja meneja mpya, akaamuru bomba moja ligawanywe kwa farasi wawili.

"Bosi, nusu dozi haiwaui minyoo, inawazoesha dawa tu," baba alimwambia.

"Mzee Tepu, ushonaji peleka kwa mkeo. Farasi ni farasi."

Baba aliomba angalau kinyesi kikapimwe mayai ya minyoo. Akachekwa. Tarehe 22 Juni 2017, jike mwekundu aliyemlea tangu kuzaliwa alikufa kwa msokoto wa tumbo. Daktari wa mifugo alimpasua, akaandika ripoti, meneja akaifungia kwenye droo. Baba akapewa barua ya kufukuzwa: "uzembe wa mtunzaji." Uzembe! Jamani, baba yangu huyu huyu?

Januari 2023 alianguka jikoni kwa presha. Miezi mitano mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na kila asubuhi aliuliza jambo moja: "Wameshasema kilichomuua yule jike?" Tulimjibu, bado. Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake.

Juzi daktari yule alikuja kutupa pole, akashangaa kwamba hatujawahi kuiona ripoti. Akatuletea nakala. Inasema utumbo ulizibwa na minyoo waliozoea dawa, kwa sababu ilitolewa pungufu. Tumeichapa yote nyuma ya ratiba hii. Bwana meneja, nakuona safu ya tatu na shada lako. Asante kwa kuja. Geuza ukurasa, usome.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na tepu yake, ambayo tumemwekea mkononi.

Baba, wao hawakusema. Tumesema sisi. Sasa pumzika kwa amani.