Gunvor Lindmark, Aliyeizima Transfoma Kabla Haijaungua

Tarehe 30 Mei, Gunvor Lindmark atakabidhi zamu yake ya mwisho katika chumba cha udhibiti wa gridi ya umeme, baada ya miaka thelathini na saba ya kazi. Alianza kama karani wa kuandika vipimo, akaishia kuwa msimamizi wa zamu ambaye hata wakubwa humwomba ushauri kabla ya kikao.

Wanaofanya naye kazi wanamjua kwa mengi. Hufuma soksi huku macho yakiwa kwenye skrini. Kahawa ya unga haimkaribii. Na mtu akisema "mitambo iko shwari", humtazama kama aliyetukana.

Lakini tukimtaja, kila mtu huanza na ile Alhamisi alasiri ya Oktoba, miaka kumi na minane iliyopita. Jua lilikuwa limelipuka siku mbili kabla, na wingu lake la chembe za umeme likaitikisa sumaku ya dunia. Tetesi za kaskazini kukosa umeme zilikuwa zimeanza. Kisha Sixten, fundi wa kituo cha mtoni, akapiga simu akipayuka.

"Gunvor, transfoma inanguruma, sijisikii hata mwenyewe! Na joto linapanda!"

Mkondo wa umeme ulioletwa na dhoruba hiyo ya jua ulikuwa unapanda kutoka ardhini, unaingia kupitia waya wa ardhi na kuichemsha transfoma kwa ndani. Bosi wa siku hizo, Torbjörn, alitaka kusubiri. "Kinga ya mtambo itaizima yenyewe," alisema.

"Kinga inalinda mlango wa mbele, Torbjörn. Huyu kaingia kwa nyuma."

"Tukizima, kiwanda cha karatasi kinasimama. Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie ni Gunvor. Herufi sita tu, hawatakosea."

Hakuwa anatania. Transfoma ile ikiungua, mpya ingechukua zaidi ya mwaka kufika, na mji wenye hospitali na watu elfu arobaini ungeingia majira ya baridi ukiishi kwa mgao. Akampigia meneja wa kiwanda, Eskil Brännvall, asimamishe mashine kwa sababu ya dhoruba.

"Dhoruba gani, mama? Huku nje jua linawaka vizuri kabisa!"

"Ndilo hilo hilo, bwana. Una dakika kumi."

Zilipotimia, akazima. Mji ulihamia kwenye laini nyingine bila taa kupepesa, kiwanda kikanyamaza. Gunvor alikwenda chooni akakaa huko robo saa, akirudia vipimo vyote kichwani. Hilo alitusimulia miaka mingi baadaye.

Kesho yake Torbjörn alimwandikia barua ya onyo. Wiki iliyofuata mafundi walifungua transfoma wakakuta karatasi za ndani za kuhami umeme zimeanza kuwa mkaa. Hakuna aliyethubutu kusema zilibaki dakika ngapi. Ilitengenezwa, ikarudi kazini kabla ya theluji kubwa. Torbjörn akaja kuichukua barua yake, uso umemshuka.

"Acha ikae," Gunvor akamwambia. "Iko siku nitataka kucheka."

Mwongozo wa dhoruba za jua tunaoutumia leo ni kazi yake, na sisi sote tulifunzwa naye, wengine kwa kukaripiwa. Mara mbili tangu hapo jua limetujaribu. Mara zote mbili watu waliendelea kupika chakula chao cha jioni bila kujua lolote.

Sasa anahamia kisiwani kwa dada yake, kuchuma matunda ya porini na kuwasha sauna, bafu la mvuke, wakati wowote apendao. Gunvor, ahsante kwa yote. Pumzika, ule vizuri, na mbingu ikiwaka rangi kwa dhoruba ya jua, toka nje uitazame kwa raha zako. Simu tutapokea sisi.