Kitasa cha Chumba cha Maombi

SHEMEJI: Haloo? Nani kanibipu?

SEREMALA: Haloo. Ni — ni mimi.

SHEMEJI: Mimi nani? Namba hii siijui.

SEREMALA: Mimi, shemeji. Mdogo wa mumeo.

[Mikwaruzo.]

SEREMALA: Haloo? Unanisikia?

SHEMEJI: Nakusikia. Nashangaa tu. Kila Jumapili unatokea mlango wa pembeni usikutane na mimi, leo unanibipu. Kuna msiba?

SEREMALA: Hakuna msiba. Nimefungiwa.

SHEMEJI: Polisi?

SEREMALA: Hapana, shemeji. Kanisani. Kwenye hiki chumba kipya cha maombi. Nilikuwa namalizia kitasa, upepo ukaubamiza mlango. Na kitasa nimekifunga kinyume.

SHEMEJI: Kinyume vipi?

SEREMALA: Cha kuzungusha kwa mkono kiko nje. Tundu la ufunguo liko huku ndani nilipo. Na ufunguo —

SHEMEJI: Ufunguo ninao mimi, mfagizi wa kanisa. Ulimpa mlinzi aniletee, maana kuniangalia usoni huwezi.

SEREMALA: Usinicheke.

SHEMEJI: Bado sijacheka. Fundi mzima, na hiyo sifa yote.

SEREMALA: Mawazo, shemeji. Mikono inafunga skrubu, akili haipo.

SHEMEJI: Toka dirishani basi.

SEREMALA: Lina nondo. Niliziweka mwenyewe juzi.

SHEMEJI: Na hizo uliziweka vizuri?

SEREMALA: Vizuri sana.

SHEMEJI: [anacheka] Haya, sasa nimecheka. Mwite mlinzi.

SEREMALA: Nimeita mpaka koo limekauka. Kaenda kunywa chai, na chai ya yule unaijua. Shemeji, njoo unifungulie. Ni kuzungusha tu. Wazee wa kanisa wanafika alasiri, wakinikuta humu —

SHEMEJI: Wakikukuta si vizuri? Watakukalisha humo humo. Wanakuja kukupa kiti cha uzee. Kiti cha kaka yako.

SEREMALA: Shemeji.

SHEMEJI: Nimekosea nini? Benchi la kwaya lilikatika katikati ya ibada, yule bibi wa sauti ya pili akavunjika nyonga. Wakauliza limetoka karakana ya nani. Mume wangu akavuliwa uzee mbele ya watu wote, kazi zikakauka, sasa anabeba zege miji ya watu. Na wewe siku ile ulikuwa umesimama palepale, kofia mkononi.

SEREMALA: Sikusema uongo.

SHEMEJI: Hukusema kitu.

[Kimya.]

SHEMEJI: Haloo? Mtandao au wewe?

SEREMALA: Mimi. Shemeji, lile benchi —

SHEMEJI: Ngoja, unakwaruza, sogea dirishani.

SEREMALA: Lile benchi nililitengeneza mimi.

SHEMEJI: Eeh.

SEREMALA: Mbao zilikuwa mbichi. Kaka aliniambia tusubiri zikauke. Akasafiri, mimi nikaona Jumapili isipite bila benchi jipya, watu waone kazi yangu. Mimi, shemeji. Yeye hakuligusa hata kwa msasa.

SHEMEJI: Eeh. Endelea.

SEREMALA: Mbona — mbona hushtuki?

SHEMEJI: Nishtuke nini? Kaka yako alikushikisha randa hata ndevu hujaota. Aliokota kipande cha lile benchi, akaangalia kiungo kilivyokatwa, akasema, huu mkono wa mdogo wangu. Siku ileile.

SEREMALA: Alijua?

SHEMEJI: Alijua.

SEREMALA: Na akakubali kuvuliwa? Mbele ya watu wote?

SHEMEJI: Alisema, nikimtaja mimi, atakuwa amekamatwa. Akisema mwenyewe, atakuwa ametubu. Tumwache. Mimi nilitaka kukutaja, nikwambie kweli. Nilifika mpaka kwa mchungaji, nikawa nabisha hodi. Kaka yako ndiye aliyenifuata akanirudisha.

[Mikwaruzo.]

SEREMALA: Bora angenipiga.

SHEMEJI: Ndiyo ulichotaka, eh? Upigwe yaishe.

SEREMALA: Kila asubuhi namwomba Mungu anisamehe. Kila asubuhi. Siku nyingine nalia kabisa.

SHEMEJI: Mungu amekusikia siku ya kwanza. Sasa hizo siku zote unamrudia ya nini, na mwenye nyonga mbovu yupo, na mwenye kuvuliwa yupo?

SEREMALA: Nitawaambia nini wazee? Chumba hiki nimekijenga mimi. Watoto wangu wanaimba hapa. Nikisema, nimekwisha.

SHEMEJI: Na usiposema?

SEREMALA: Usiposema unakaa kwenye kiti cha mtu. Na wewe je, shemeji? Umenisamehe?

SHEMEJI: Nisikudanganye. Nakusamehe asubuhi, jioni nikimsikia mwanangu anamuulizia baba yake, nakuta nimerudi palepale. Kesho nakusamehe tena. Ndivyo nilivyo.

SEREMALA: Asante kwa kunipigia.

SHEMEJI: Nilidhani ni mteja wa maandazi. Sikiliza, salio langu halina maisha marefu. Mimi siji huko.

SEREMALA: Shemeji, nakuomba —

SHEMEJI: Siji, maana kuna mtu ameshatoka kuja. Kaka yako amefika na basi la alfajiri. Amekunywa uji, akasema anakwenda kukitazama hicho chumba kabla watu hawajajaa.

SEREMALA: Leo? Sasa hivi? Mpigie arudi.

SHEMEJI: Simu yake iko hapa mezani.

SEREMALA: Shemeji, sijajiandaa. Tuma mtoto akimbie, amwambie kanisa limefungwa, amwambie chochote. Sina pa kujificha humu, ni kuta nne na mkeka.

SHEMEJI: Ndiyo hivyo.

SEREMALA: Sijui nianze na — ngoja. Nasikia viatu nje.

SHEMEJI: Ni yeye?

SEREMALA: Anakohoa. Ni yeye.

SHEMEJI: Basi mwambie azungushe.

SEREMALA: Anabisha hodi.

SHEMEJI: Nini?

SEREMALA: Kitasa kiko upande wake, kuzungusha tu. Amesimama anabisha hodi.

[Mikwaruzo mirefu.]

SHEMEJI: Mjibu mwenzio.

SEREMALA: [kwa mbali] Kaka. Kaka, ni mimi nipo humu. Lile benchi ni mimi. Nitawaambia wazee leo, wakija wote. Nisamehe, kaka.

SHEMEJI: Haloo? Anasemaje? Usinifunikie simu kwa mkono, nataka kusikia. Anasemaje?

SEREMALA: Anasema — [anavuta kamasi] — anasema alishanisamehe zamani, alikuwa anangoja tu nifike. Na kwamba kitasa nimekifunga kama mtu aliyelewa.

SHEMEJI: Huyo ndiye mume wangu. Salio linalia, shemeji. Bado anabisha?

SEREMALA: Anauliza afungue au nimeshazoea humu.

SHEMEJI: Na wewe umesemaje?

SEREMALA: Nimemwambia afungue. Anasema nisogee, mlango usinipige usoni.

SHEMEJI: Basi sogea. Sogea, shemej —