Mtetemo wa Gari la Fundi Milimita

Wasikilizaji wapendwa, dunia imesimama. Bendera zinapepea nusu mlingoti, ndege zimeahirisha kuruka, na wakuu wa mataifa wameomba kimya.

Basi, bendera yenyewe ni moja, ya hapa shuleni, na imeshuka kwa sababu kamba yake imekatika. Lakini kwetu sisi wa mabwenini, dunia imesimama kweli. Fundi Milimita amefariki. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Fundi Milimita, mwalimu wa karakana kwa miaka ishirini na sita, amefariki Jumanne, mkewe akiwa pembeni yake.

Mkewe yuko nami studio, yaani stoo ya magodoro. Ni muuguzi wa zahanati yetu. Mnamwita Mama Sindano mkidhani hajui. Anajua.

Ukimwambia Fundi chuma kimekaa sawa, alikuwa akikuuliza, "Sawa ya macho au sawa ya kipimo?" Ndipo jina la Milimita lilipotoka.

Alikuwa na gari dogo la michezo, viti viwili, halina paa. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba wanafunzi kumi waliwahi kulibeba na kuliegesha ukumbini. Kipindi hiki hakina maoni kuhusu wanafunzi hao. Alilijenga kwa miaka tisa, kutoka bodi tupu, kwa nia moja: kumpeleka mkewe kwa barabara kuu hadi mwisho wa bonde.

Likakamilika mwanzoni mwa muhula. Wiki hiyohiyo daktari wa macho akamwambia, "Mzee, macho yanafifia. Muhula ukiisha, funguo mpe mtu mwingine." Zilibaki wiki kumi. Wiki kumi tu, wasikilizaji.

Jumapili ya kwanza wakatoka. Sabini, shwari. Themanini, usukani ukaanza kutetemeka.

"Mzee, hiki kiti kina homa?" akauliza Mama Sindano.

"Ni barabara."

"Lami ya juzi hii? Nirudishe nyumbani. Nyonga yangu imeshafanyiwa upasuaji mara moja. Sipandi tena mpaka huyu mnyama atulie."

Fundi hakukurupuka kununua vipuri. "Kipuri hakibadilishwi kabla ya kuulizwa swali," alituambia darasani, tukiwa tumelizunguka gari.

Je, linatetemeka zaidi likifungwa breki? Hapana. Basi si diski. Je, linatulia likiwekwa gia huru? Hapana. Basi si injini. Linaanza themanini, linaisha mia na kumi. Basi ni kitu kinachozunguka.

Akapeleka magurudumu kwenye mashine ya kubalansi. Mashine ikasoma sifuri, yaani hayana kasoro. Usukani ukatetemeka. Akahamisha magurudumu ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Ukatetemeka. Akalinyanyua kwa jeki, akalitikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, akasikiliza beringi kwa nondo aliyoiegemeza sikioni, akapima viungo vya usukani. Vyote vizima.

"Gari zito lingeshaumeza mtetemo huu," alimwambia mkewe. "Hili halina nyama ya kufichia kitu."

Jumapili sita alikwenda peke yake, akarudi peke yake. Mama, uliniambia alikuwa akirudi anafanyaje?

"Anakaa mezani, anaweka viganja juu ya meza. Hanywi chai. Mikono kama bado iko kwenye usukani. Nikamwambia, mume wangu, acha, tukae tu humo likiwa uani, tupunge upepo. Akaniambia, 'Mimi sikukujengea kochi.'"

Wiki ya saba akafungua gurudumu la mbele kushoto, na safari hii hakulitazama gurudumu. Alipapasa kitovu kinacholishika. Wasikilizaji, rimu zile zilitoka kwenye gari la aina nyingine, na tundu lake la katikati ni pana kuliko kitovu. Nafasi hiyo hujazwa na pete nyembamba ya alumini. Kulia pete ilikuwepo. Kushoto haikuwepo. Gurudumu lilikuwa limeshikwa na nati tu, limehama kutoka katikati kwa chini ya milimita moja. Mashine hulishika kwa lile tundu, ndiyo maana ilisoma sifuri. Gari lilijua ukweli.

Hakuwa ameangalia pale kwa sababu alikuwa na hakika pete aliiweka. Mchana huohuo akakereza nyingine kwenye mashine ya karakana.

Jumapili wakaenda hadi mwisho wa bonde. Themanini, shwari. Mia, shwari.

"Nililala," anasema Mama Sindano. "Naona haya kusema. Miaka tisa ananijengea gari, mimi nikalala. Nilipoamka tumefika, naye anacheka."

Waliporudi akampa mkewe funguo, wiki tatu kabla ya siku aliyopewa na daktari. "Mtu anayesahau pete ya gurudumu macho yake yameshaondoka," alisema. Hakuendesha tena. Safari yao ilikuwa moja.

Mama, kwa niaba ya wanafunzi wote, pokea pole zetu. Mungu akupe nguvu, wewe na wanao. Nasi wasikilizaji tutafakari jinsi kitu kidogo, kipete tu chenye doa la kijani, kinavyoweza...

"Ngoja, mwanangu. Doa gani?"

La kijani, Mama. Ukingoni.

"Aliyoikereza mwisho haina doa. Ya kulia ina doa jekundu. La kijani lilikuwa kwenye ile iliyopotea. Wewe uliionea wapi?"

Wasikilizaji wapendwa. Hapa huwa tunaweka muziki. Leo siuweki.

Ilikuwa Jumamosi, kabla ya ile Jumapili yao ya kwanza. Magurudumu yalikuwa chini, somo la breki. Nikaivaa pete mkononi, ikanikaa kama bangili. Nikawaambia wasichana wa kidato cha kwanza nimevishwa na mchumba wangu rubani. Nilipokumbuka kuirudisha, gari lilikuwa limeshafungwa. Sikujua kipete kile kinaweza kutikisa gari zima. Wiki zote zile alizokuwa akiuliza maswali, mimi nilikaa mstari wa mbele nikiandika majibu. Nilipojua, funguo zilikuwa zimeshatoka mkononi mwake, nami nikanyamaza.

Hakusahau, Mama. Aliiweka palepale anapoiweka siku zote, juu ya kitambaa, upande wa kushoto. Macho yake hayakukosea. Niliichukua mimi.